Kifaa kinawaka, nani anafikiri? Teknolojia katika madarasa ya Lubumbashi

Mwezi wa nane ukikaribia kuisha, kuta za Lubumbashi, hapa Kongo, hujaa mabango ya shule. Zamani bango lilitangaza asilimia ya waliofaulu Mtihani wa Serikali, nidhamu, na gari la kuchukua watoto. Siku hizi kumeongezeka mstari mwingine: chumba cha kompyuta, tableti, ubao wa kugusa, intaneti. Mzazi anayesimama mbele ya bango hilo akipiga hesabu ya ada kichwani ana haki ya kuuliza kama pesa yake itamfundisha mtoto au itampumbaza tu.

Swali hilo lina jibu, ila jibu limefunikwa na mambo mengi yaliyochanganywa pamoja. Wauzaji wa vifaa husema teknolojia inawavutia wanafunzi. Ni kweli, inawavutia. Mvua ya mawe ikipiga bati la darasa nayo inawavutia. Kuvutiwa ni jambo moja, kujifunza ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili kuna kazi ambayo hakuna mashine inayoweza kumfanyia mtoto.

Macho yapo, akili je?

Mwaka 2004 watafiti watatu wa Marekani, Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu ushiriki wa mwanafunzi shuleni, wakaona kwamba watu wanatumia neno moja kwa mambo matatu. Kuna ushiriki wa mwenendo: mtoto yupo, ameketi, anafanya anachoambiwa. Kuna ushiriki wa moyo: anapenda somo, anajisikia yuko kwao. Halafu kuna ushiriki wa akili: anahangaika na swali, analinganisha, anakosea na kurudia.

Ukiweka skrini mbele ya darasa, mawili ya kwanza unayapata siku hiyo hiyo. Watoto wananyamaza, wanafurahi, na prefe, mkuu wa shule, akichungulia dirishani anaondoka ameridhika. La tatu halionekani dirishani. Darasa linaweza kutazama video nzuri kuhusu jinsi jani linavyotengeneza chakula chake, kila jicho likiwa mbele, na kesho yake mwalimu akiuliza kwa nini mmea uliofungiwa chumba chenye giza unageuka njano, asipate hata mkono mmoja. Video ilifanya kazi yote. Watoto walikuwa wageni.

Kuna jaribio la mwaka 2006 linalolionyesha jambo hili kwa namba. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi ya kusoma. Baadhi waliyasoma tena mara ya pili. Wengine waliyafunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza: walikumbuka asilimia 81, wenzao 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kusoma mara mbili kunampa mtu raha ya kudhani ameelewa. Kujibu ndiko kunakomwachia kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kifaa kina uwezo gani, uliza kinamdai mwanafunzi nini. Kinamwomba atazame, au kinamwomba ajibu? Na akijibu, kuna mtu anayeliona jibu hilo mapema kiasi cha kubadilisha somo?

Hapo ndipo miradi mikubwa ilipoteleza. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto kupitia mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Uchunguzi uliofanyika katika shule 319 za vijijini, ukachapishwa mwaka 2012, haukupata dalili kwamba hisabati au kusoma kuliboreka. Vifaa vilifika, watoto walivitumia, lakini mwalimu aliendelea kufundisha vile vile kama jana.

Mjini Delhi, India, ilikuwa kinyume chake. Programu iitwayo Mindspark ilijaribiwa kwa watoto 619, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Programu hiyo haifungui somo la darasa ambalo mtoto ameandikishwa. Inamuuliza maswali mpaka ijue amekwama wapi, kisha inaanzia hapo. Ilikuta kwamba mtoto wa kawaida wa darasa la sita katika kundi hilo alikuwa nyuma kwa miaka miwili na nusu katika hisabati. Kwa miezi minne na nusu tu, waliopata nafasi ya kuitumia walipiga hatua kubwa katika hisabati na Kihindi, na walionufaika kwa uwiano mkubwa zaidi ni wale dhaifu, ambao kwa mwalimu wa kawaida walikuwa hawapati chochote.

Simu moja, watoto themanini

Sasa turudi kwetu. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwezi wa tisa 2019, watoto walioachwa nyumbani kwa kukosa ada walirudi kwa wingi, nalo ni jambo jema. Ila vyumba havikuongezeka kwa mwendo huo. Katika komini za mji wetu kama Katuba, Kenya na Ruashi, kuona watoto 70 au 80 katika chumba kimoja si ajabu, watatu au wanne kwa dawati lililotengenezwa kwa wawili. Benki ya Dunia imekadiria kwamba katika nchi yetu watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma maandishi mepesi na kuyaelewa. Katika chumba cha namna hiyo mwalimu akiuliza, mikono inayoinuliwa ni ile ile mitano ya mbele. Anapata jibu sahihi, anaendelea. Wale wa nyuma wamejifunza kitu kimoja: ukiinamisha kichwa, hutaitwa.

Dawa yake haianzii kwenye tableti themanini. Inaweza kuanzia kwenye simu moja, ya mwalimu, na karatasi.

Kuna programu ya simu iitwayo Plickers. Kila mtoto anapewa kadi yenye mchoro mweusi wa pande nne, na kila upande una herufi ndogo: A, B, C, D. Mchoro wa kila kadi ni tofauti. Mwalimu anaandika swali ubaoni, mtoto anageuza kadi ili herufi ya jibu lake iwe juu, anaiinua. Mwalimu anapitisha kamera ya simu juu ya darasa kama anayepiga picha ya harusi, na kwenye kioo chake majina yanajitokeza, nani kapata na nani kakosa. Jirani hawezi kukopa jibu kwa urahisi, maana herufi ni ndogo sana na kila kadi imegeuzwa kivyake. Anayehitaji mtandao ni mwalimu peke yake.

Chukua darasa la tano na somo la sehemu. Ubaoni: kipi kikubwa zaidi, 1/3 au 1/4? A ni 1/3, B ni 1/4, C ni sawasawa, D haiwezekani kujua. Mwalimu yeyote aliyefundisha sehemu anajua kitakachotokea: kundi kubwa litainua B, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Bila kadi, mwalimu angemchagua mtoto wa mbele, angepata A, angesema vizuri sana, na wale wa B wangebaki na B yao mpaka mtihani wa mwisho wa msingi.

Akiwa ameona kwenye simu kwamba zaidi ya nusu wamesema B, asitoe jibu. Awaambie kila mmoja amshawishi jirani yake. Hapa kelele itapanda, na ni kelele nzuri. Mmoja atasema: “Mukate moya, tukiwa batatu kila muntu anapata kipande kikubwa. Tukiwa bane, inakuwa kidogo.” Mwingine atakataa, atachora. Baada ya dakika 3 wainue tena. Njia hii ya kupiga kura, kubishana na kupiga kura tena aliieneza mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Eric Mazur, aliyeanza kuitumia mwaka 1991 alipogundua kwamba wanafunzi wake walijua kanuni kwa kichwa lakini hawakuelewa mambo ya chini kabisa. Sababu ya kufanya kazi ni rahisi: aliyeelewa juzi tu bado anakumbuka alipokuwa amekwama, kwa hiyo anamfafanulia mwenzake vizuri kuliko mwalimu aliyeelewa miaka ishirini iliyopita.

Kadi za Plickers zinaishia 63. Kwa darasa la 80, kadi moja kwa watoto wawili inatosha, na kwa maoni yangu ni bora zaidi, maana wawili hao lazima wakubaliane kabla ya kuinua. Na kwa kuwa mitihani yetu ya taifa ina maswali mengi ya kuchagua jibu, mzazi anayeogopa kwamba huu ni mchezo anaweza kutulia.

Na kama hakuna simu wala mega, yaani bando la intaneti? Basi ardwazi, kile kibao kidogo cha kuandikia kwa chaki. Wazee wetu waliosoma kwa mapadri wanaikumbuka: swali, kimya, mwalimu anagonga, kila mtoto anaandika, anagonga tena, ardwazi zote juu. Njia hiyo inaitwa La Martinière, kwa jina la shule ya Lyon, Ufaransa, ilikozaliwa katika karne ya 19. Inafanya karibu kazi ile ile ya kadi na simu. Simu inaongeza kitu kimoja cha maana, kumbukumbu: mwalimu anaweza kukaa jioni akaona kwamba swali la tatu liliwaangusha watu 40, na kwamba mtoto fulani hajapata hata moja tangu juma lililopita. Kama hakai jioni kuangalia, ardwazi inamtosha na ni rahisi zaidi.

Umeme, mega na kisanduku kisichohitaji intaneti

Hakuna anayeweza kuzungumzia kompyuta shuleni katika mji huu bila kuzungumzia umeme. Laini ya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, inaleta umeme Katanga kwa mwendo wa karibu kilomita 1,700, na migodi ndiyo ilijengewa. Mitaa inapata kinachobaki. Shule ya serikali inaweza kuwa na nyaya, soketi na taa, na bado somo la kompyuta likafanyika kwa kuchora kibodi ubaoni. Umeme unaporudi, unaweza kurudi kwa kishindo na kuchoma kila kilichoachwa kimechomekwa. Kiangazi kinaleta vumbi jekundu linaloingia kwenye kila tundu, na masika yanaleta radi.

Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu kifaa chochote liwe la wati. Betri ya gari ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50 ina wati-saa 600; usitumie zaidi ya nusu, vinginevyo utaiua mapema. Zinabaki 300. Projekta ya kawaida inayokula wati 250 itaimaliza hiyo nusu ndani ya saa moja na dakika chache. Kompyuta ndogo ya bodi moja, kama Raspberry Pi, inakula takriban wati 5 au 6. Pamoja na ruta ndogo ya wati 10 itakaa siku mbili za shule na zaidi kwa betri hiyo hiyo, na paneli ya sola juu ya bati itaijaza.

Kompyuta ndogo hiyo inafanya kazi gani? Inakuwa maktaba. Kuna programu za bure zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, ilitoka mwaka 2017: unapakua masomo na mazoezi mara moja, mahali penye mtandao mzuri, kisha wanafunzi wanayafungua kupitia ruta bila hata mega moja. Mwalimu anaona nani amefanya zoezi gani. Kiwix inahifadhi Wikipedia nzima ya Kifaransa, au Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto kuanzia miaka 8, na Wikipedia ya Kiswahili ambayo ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye simu. Vyote hivyo vinaingia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu.

Kwa sekondari, chombo ninachokipenda kuliko vyote ni PhET, maabara za kuigiza za Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Zipo kwa Kifaransa, nyingi zipo kwa Kiswahili pia, na zinafunguka bila mtandao. Shule nyingi za hapa zina tawi la sayansi bila maabara: mwanafunzi anamaliza kemia na fizikia akiwa amechora mirija yote na hajashika hata mmoja.

Tazama somo la mkondo wa umeme. Kwenye kioo unaunganisha betri na balbu moja, inawaka. Kabla ya kuongeza balbu ya pili kwenye mstari ule ule, mwalimu anasimamisha na kuuliza: ipi itawaka zaidi, ya kwanza au ya pili? Wengi watasema ya kwanza, kwa kuwa inapata umeme kabla ya mwenzake na kuula. Mtoto wa Lubumbashi ana sababu nzuri ya kuamini hivyo: anajua kwamba nyumba iliyo karibu na kabini ya transfoma inapata umeme wenye nguvu na ya mwisho mtaani inapata taa nyekundu kama kaa la moto. Waache waandike utabiri wao. Kisha ongeza balbu. Zote mbili zinafifia, na zinafifia sawasawa. Hapo ndipo akili inapoamka, kwa sababu kilichovunjika ni imani ya mtu aliyoiweka kwenye karatasi kwa mkono wake. Halafu lije swali gumu zaidi: kwa nini basi mtaani kwetu si sawasawa? Jibu limo ndani ya ukinzani wa nyaya ndefu na nyembamba, na mwalimu amepata somo la juma linalofuata. Ukionyesha uigizaji ule ule bila kusimama na kudai utabiri, umeonyesha sinema.

Lugha nayo inasumbua. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika kufundisha, na katika miaka ya mwanzo mtoto wa hapa anasoma kwa Kiswahili. Halafu Kifaransa kinashika usukani. Vitu vizuri vya Kiswahili vipo. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam linatoa katuni za hisabati na sayansi tangu 2014, na watoto wetu wanazifuata bila shida kubwa. Lakini mtihani utakuja kwa Kifaransa, na hakuna programu inayojua kwamba mtoto huyu anaongea Kiswahili cha mji nyumbani, anasoma Kiswahili kingine kitabuni, na anahesabu kwa Kifaransa. Daraja hilo ni la mwalimu. Anayewapa watoto tableti ya Kifaransa tupu katika darasa la pili amewafunga mdomo kwa bei ghali.

Na kuna kabati. Karibu kila anayezijua shule zetu amewahi kuliona: vifaa vya msaada, vipya, ndani ya makasha yake, vimefungiwa ofisini kwa mkurugenzi. Si uchoyo. Kifaa kikipotea, mkurugenzi ndiye atakayejibu. Kikikaa kabatini hakuna atakayemuuliza chochote. Mradi usiosema mapema nani atalipa kioo kikipasuka umeshaamua vifaa vitakaa wapi.

Redio ikinyamaza

Shule zilipofungwa mwezi wa tatu 2020 kwa sababu ya Covid-19, wengi walikimbilia kusema masomo kwa mtandao. Familia nyingi za hapa hazikuwa na simu ya kutosha wala mega. Redio ilikuwepo. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilirusha masomo kupitia Okapi École, na baadhi ya watoto waliandika madaftarini wakiwa wameketi karibu na redio ya baba.

Redio inaonekana kifaa cha upande mmoja, lakini si lazima iwe hivyo. Katika miaka ya 1970, nchini Nicaragua, watafiti waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford waliandaa masomo ya hisabati ambamo sauti ya redioni inauliza swali, kisha inanyamaza kwa sekunde kadhaa. Darasa linajibu kwa sauti au linaandika. Kisha redio inatoa jibu. Siri yote ilikuwa ndani ya kimya hicho, na njia hiyo ilienea katika nchi nyingi maskini. Kipindi kinachosoma somo moja kwa moja kwa nusu saa ni hotuba, hata kama mtangazaji ana sauti tamu.

Botswana walijaribu simu za kawaida wakati huo huo wa Covid. Familia zipatazo 4,500 zilihusika. Baadhi walipata mazoezi ya hesabu kwa SMS kila juma. Wengine walipata SMS na pia simu ya dakika 15 hadi 20 kutoka kwa mwalimu, akizungumza na mzazi na mtoto. SMS peke yake haikusaidia sana. SMS pamoja na simu iliinua hesabu za watoto kwa kiasi kinachopimika. Shule zetu zilizojaza magrupu ya WhatsApp ya wazazi kwa picha za kazi za nyumbani zingefaa kuyatazama matokeo hayo: picha 30 kwa juma hazilingani na mtu mmoja anayepiga simu na kuuliza, mtoto amepata ngapi?

Simu ya mwanafunzi na mashine inayojibu

Shule nyingi za Lubumbashi zinakataza simu, na sioni ubaya. Ufaransa ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2018 kwa shule za msingi na za kati. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilitaja kwamba mwanafunzi akishavurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye somo. Simu ya mwalimu yenye kazi maalumu na simu ya mwanafunzi iliyo chini ya dawati si kitu kimoja, ingawa zimetoka duka moja.

Ila marufuku ya getini haifiki nyumbani, na nyumbani sasa kuna akili bandia. Mwanafunzi wa humanité, yaani sekondari ya juu, akikwama kwenye zoezi la hisabati anaandika swali kwenye simu, anapata jibu lenye hatua zote, kwa Kifaransa safi. Anaandika daftarini, anapata pointi.

Nini kinatokea kichwani? Watafiti walijaribu katika sekondari moja nchini Uturuki, kwa wanafunzi karibu 1,000 waliokuwa wakifanya mazoezi ya hisabati. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2025. Waliopewa mashine inayojibu chochote walipata alama za mazoezi zilizo juu kwa asilimia 48 kuliko wasio nayo. Halafu mashine ikaondolewa na mtihani ukafanywa. Sasa walianguka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu lilipewa mashine ile ile iliyopangwa na walimu kutoa vidokezo bila kutoa jibu. Hao walipanda zaidi kwenye mazoezi, na kwenye mtihani hawakudhurika.

Mwalimu wa hapa anaweza kutumia hilo bila kusubiri programu ya kipekee. Aanze kutoa pointi chache kwa daftari la nyumbani na nyingi kwa maelezo ya mdomo: njoo ubaoni, nionyeshe mstari wa tatu umetoka wapi. Na awaonyeshe wanafunzi jinsi ya kuiomba mashine kidokezo kimoja tu, au kuiomba itafute kosa katika kazi waliyokwisha kuifanya wenyewe. Wapo watakaodanganya. Walikuwepo pia enzi za kunakili kwa jirani kabla ya kengele ya saa moja na nusu.

Gharama isiyoandikwa kwenye bango

Ukijumlisha yote, kitu ghali zaidi ni swali zuri. Kadi zinachapishwa mara moja, kisanduku kinanunuliwa mara moja, lakini swali kama lile la 1/3 na 1/4, ambalo majibu yake mabaya yamechaguliwa kwa makusudi ili kufichua makosa fulani, linahitaji mwalimu aliyekaa akafikiri watoto wake wanakosea wapi. Kazi hiyo inachukua jioni nzima, na tunaiomba kwa watu ambao baadhi yao wamefundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali, wale wanaoitwa wa uniti mpya. Mwalimu anayetoka darasani saa sita na nusu kwenda kuuza mkaa au kufundisha shule nyingine jioni hana pa kuuweka mradi wako wa tableti.

Kitu kimoja kinawezekana bila kusubiri Kinshasa. Shule nne au tano za mtaa mmoja zinaweza kugawana kazi: mwalimu mmoja aandike maswali kumi ya sehemu, wa pili kumi ya vipimo, wa tatu kumi ya kusoma na kuelewa, kila swali likiwa na majibu matatu mabaya yenye sababu. Wabadilishane kwa WhatsApp, wayajaribu darasani, wafute yale ambayo watoto wote wanapata na yale ambayo hakuna anayeyaelewa. Likizo kubwa ya miezi miwili inatosha kuandika maswali ya mzunguko wa kwanza. Kwa bajeti, weka vocha za mega kwa walimu hao, karatasi ngumu za kadi, na chakula cha mchana siku watakapokutana.